Sanduku la Barafu la Daktari Cleopa

Nashipai alikuwa na kawaida ya kupeleka samli Mikumi mvua zinapokatika na basi la Kilosa linapoanza tena kupita. Samli yake ilijulikana. Aliipika kwa moto mdogo, akaikoroga kwa kijiti kibichi, akaitia kwenye makopo yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, na mdomoni mwa kila kopo akafunga kitambaa cheupe kilichofuliwa kikaanikwa juani. Mwenye nyumba moja ya wageni pale kando ya barabara kuu hakutaka samli ya mtu mwingine. Ilikuwa ni ile miaka biashara zilipofunguliwa, kila mwenye vijisenti anajenga nyumba ya wageni na kuipaka rangi ya waridi.

Siku hiyo alimkuta mpishi, Happiness, binti wa Magole mwenye maneno mengi, amesimama juu ya sufuria kubwa ya maziwa.

"Shikamoo yeyo!" akasema, akimwita mama kwa Kimasai.

"Marahaba mwanangu. Mbona umenenepa hivyo?"

"Ni moshi wa jiko, yeyo. Unanivimbisha tu, wala si kula."

Maziwa yalipanda, Happiness akaepua, akayaacha yatulie, kisha akayarudisha motoni. Nashipai akasonya. Kwao waliamini maziwa yakibandikwa motoni ng'ombe hupasuka chuchu hukohuko aliko, na hata kwa mgonjwa walichemsha kwa shingo upande.

"Unayatesa maziwa ya watu. Mara moja haitoshi?"

"Si mimi, ni daktari wa semina. Kasema chai yake na ya wageni wake maziwa yachemke mara mbili, na nisimame mwenyewe niyaone. Yule baba anaogopa maziwa kama wewe unavyoogopa askari wa wanyamapori."

"Anaogopa nini ndani yake?"

"Wadudu! Eti maziwa yenu ya porini yana wadudu wasioonekana. Mimi nachemsha tu, nani atabishana na miwani ile? Hebu nisaidie kubeba chupa hizi za chai, mkono huu una jipu."

Nashipai akabeba chupa mbili, akamfuata. Chumba cha mkutano kilikuwa na giza, mapazia yamefungwa ingawa nje jua liliwaka. Madiwani na mabwana mifugo walikaa kwenye viti vya plastiki, na mashine iliyonguruma kama paka ilitupa picha ukutani. Aliyesimama mbele na kifimbo alikuwa Daktari Cleopa. Nashipai alimtambua kabla hajageuka, kwa kisogo chake bapa. Mwaka tisini na nne mtu huyu alikuja bomani kwao ng'ambo ya Chanzuru, akawachoma sindano wanawake wote, akakamua kila ng'ombe kwenye kichupa, akagawa vipande vya sabuni ya kufulia. Alipoagana nao alisema, "Majibu nitawaletea mwenyewe kwa mkono wangu, mama zangu." Wakangoja mwaka ule na uliofuata. Halafu wakaacha kungoja, kwa sababu hakuwa yeye wa kwanza kuchukua damu zao na kupotea.

Ukutani palikuwa na mkono wa msichana, sindano imezama, damu inapanda kwenye bomba. Uso ulikuwa umefutwa kwa mstari mweusi. Lakini nani aliyekumbuka kufuta mkono? Kwenye kiwiko palikuwa na bangili ya shanga nyekundu na nyeupe, na pale iliposhikiziwa, badala ya shanga ya buluu, palikuwa na kifungo cheusi cha suruali chenye matundu manne. Nashipai aliitunga bangili ile mwenyewe. Shanga za buluu zilimwishia usiku wa kuamkia sherehe, akakata kifungo kwenye suruali ya mume wake, na mume wake akaenda mnadani siku ile ameshikilia suruali kwa mkono. Ulikuwa mkono wa Rutha, binti yake.

"Huyu kwa mfano," Daktari Cleopa alikuwa akisema, "alikuwa hajaolewa bado. Damu yake ilijaa bakteria wa brusela. Ng'ombe wa nyumbani kwao wanao, na wanatupa mimba. Mtu huupata ugonjwa huu kwenye maziwa mabichi, waheshimiwa. Na mwanamke akishika mimba akiwa na bakteria hawa, mara nyingi mimba inatoka. Hili tulilijua mwaka uleule."

Diwani mmoja mzee akauliza, "Na wenyewe mliwaambia?"

"Matokeo yapo, mheshimiwa. Nimeyasoma kwenye mkutano Ulaya, yamechapishwa, watu wameyapokea vizuri sana. Ndiyo maana wafadhili wametupa awamu hii ya pili."

Watu wakapiga makofi. Nashipai akaweka chupa za chai mezani, moja kisha nyingine, taratibu, hata hazikugongana.

Rutha aliolewa na Kimaren wa upande wa Munisagara mwaka mmoja baada ya sindano ile. Mimba yake ya kwanza ilitoka wakati mtoto ameshaanza kucheza. Ya pili ilitoka alipokuwa kisimani, na maji aliyoyateka akayarudisha nyumbani vilevile kichwani, damu inamtiririka miguuni, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshamwambia kwamba mwanamke asiyeweza kubeba mtoto walau abebe maji. Walimpeleka kwa waganga, wakamnywesha mizizi iliyomharisha nusu ya kufa. Mwisho Kimaren akasema mbele ya wazee wake kwamba tumbo la Rutha ni bovu. Sasa alikuwa na mimba ya tatu, karudishwa kwa mama yake ailelee huko, na neno la Kimaren lilikuwa moja: ikitoka na hii, abaki hukohuko, yeye anaoa mwingine. Na bomani kwa mama yake, kila asubuhi na jioni, Rutha alikuwa anapewa kibuyu cha maziwa mabichi ili apate nguvu. Nashipai ndiye aliyemjazia, tena akimsimamia mpaka tone la mwisho.

Wakati wa chai Daktari Cleopa alipita barazani na kikombe chake, akamwona mama wa Kimasai amekaa chini karibu na makopo yake.

"Shikamoo mama."

Nashipai hakuitikia. Alimtazama tu mpaka yule bwana akadhani hajui Kiswahili, akaongeza sauti kama watu wanavyomwongelesha kiziwi. "Mnakaa wapi, mama? Ng'ambo ya Chanzuru?" Nashipai akainamisha kichwa kukubali. "Basi Ijumaa nakuja huko! Boma la mwisho hilo, nimeshapita maboma saba! Waambie akina mama wasitoke!"

"Hawatatoka," Nashipai akasema. "Utatukuta wote."

Akapanda basi la kurudi. Njia nzima kutoka Mikumi hadi Kilosa mwanamke aliyekaa naye alimsimulia habari za mafuriko ya El-Nino na reli iliyobebwa na maji, na Nashipai akawa anasema "eeh" na "pole" mahali panapostahili, huku moyoni mwake anamtandika mtu mmoja tu.

Jioni ile alibandika maziwa motoni. Rutha alikuja akichechemea, mkono kiunoni, akasimama mlangoni akishangaa.

"Mama! Unafanya nini? Ng'ombe watapasuka chuchu!"

"Wapasuke."

"Baba akiona je?"

"Akiona atafunga suruali yake akae kimya. Kunywa."

Rutha akaonja, akakunja uso. "Yananuka kama kitambaa kilichoungua."

"Kunywa hivyohivyo. Kuanzia leo hunywi mengine." Ndipo akamweleza yote, kwa sauti ya chini, akikoroga. Alipofika kwenye bangili, Rutha alishika kiwiko chake ambako bangili haikuwepo tena, maana aliivua siku ile ya kisimani akaitupa. Hakulia. Aliuliza tu, "Alijua kabla sijaolewa?"

"Alijua."

"Na chai yake inachemshwa mara mbili."

"Mara mbili, na mpishi amesimama."

Rutha akanywa kikombe chote akakiweka chini. "Basi usimwache, mama," alisema. "Ukimwacha huyo, mimi sitakusamehe wewe."

Wanawake wa wafugaji wana sheria yao moja ambayo wanaume hawaitii mkono. Mtu akisababisha mimba ya mwanamke iharibike, hapelekwi kwa wazee wala kwa mwenyekiti wa kijiji. Wanawake wote wenye kuzaa na wanaotafuta uzazi humwendea kwa pamoja, siku moja, na fimbo mbichi. Humchapa wanavyotaka, na katika zizi lake huchagua yule ng'ombe anayempenda kuliko wote, wakamchinja hapohapo mbele ya macho yake. Mwanaume yeyote, hata moran mwenye sime, akiona msafara ule hukaa chini na kutazama kwingine. Miaka mingi haukuwa umetoka. Wengine walifikiri umekwisha, kama yalivyokwisha majosho ya serikali, ambayo siku hizi yalikuwa mashimo makavu ya kuchezea mbuzi.

Nashipai aliwaita wanawake kwenye nyumba ya Bibi Raheli, mkubwa wao wote, aliyekuwa Mkristo mwenye msalaba shingoni na jino moja mbele. Walisikiliza. Mmoja akataja mimba yake iliyotoka mwaka tisini na tano. Mwingine akataja mbili. Wa tatu akainamia kanga yake. Walipomaliza pakawa na joto humo ndani, na harufu ya maziwa na hasira.

"Msafara utoke," Bibi Raheli akasema. "Lakini kuna kitu kinanitatiza. Mtu huyu hana zizi. Tutamchinjia nini? Gari si lake, la mradi. Miwani hailiwi."

Wakacheka kidogo, halafu wakafikiri.

"Ana sanduku," Nashipai akasema. "Lile la bluu lenye barafu. Mnakumbuka? Lilikaa kivulini yeye akiwa juani. Aliligusa kama mtu anavyomgusa mtamba mgongoni. Kijana wake alitaka kulikalia akamfokea mpaka mate yakaruka. Humo ndimo alimo ng'ombe wake."

Bibi Raheli akaitikia kwa kichwa polepole, jino lake likaonekana. "Basi tumwache alijaze kwanza," akasema. "Ng'ombe huchinjwa amenona."

Nashipai akatuma salamu kwa Kimaren kwamba mkewe ana neno la kumwambia siku ya Ijumaa, na asikose.

Ijumaa gari jeupe likaja, vumbi nyuma yake. Dereva alikuwa Hussein, mtu wa Chanzuru, aliyewajua wanawake wale mmoja mmoja na kuwatania siku za soko. Wanawake walimpokea daktari kwa vicheko. Walitoa mikono yao, wakachomwa, wakashukuru. Ng'ombe walikamuliwa. Daktari Cleopa alifurahi mpaka akavua koti. Kila kichupa alikipangusa, akakiandika, akakiinua kwenye mwanga, akakilaza ndani ya sanduku kama mama anavyolaza pacha. Aliwaambia kwamba Jumatatu sanduku hili litapanda ndege, na huko liendako kuna mitambo ya ajabu, na jina la Kilosa litajulikana dunia nzima.

"Na majibu?" Bibi Raheli akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Majibu nitawaletea mwenyewe, bibi yangu. Kwa mkono wangu."

Alipofunga sanduku na kubana vibanio vyake viwili, ta, ta, Bibi Raheli alianza wimbo. Wengine wakaupokea. Wakatoka nyuma ya nyumba, wakatoka zizini, wakatoka kichakani, wengine wa maboma ya jirani, kila mmoja na fimbo mbichi yenye majani kwenye ncha. Vijana wa kiume waliokuwa wameegemea gari waliusikia wimbo ule, wakatazamana, wakakaa chini kama waliokatwa magoti. Mume wa Nashipai akageukia ukuta wa nyumba yake akawa anauchunguza udongo wake.

"Hussein," daktari akasema, "hii ni ngoma gani?"

Hussein alikuwa ameshaweka funguo za gari chini na kurudi nyuma hatua kadhaa. "Daktari, mimi dereva tu. Jamani mama zangu, mimi dereva tu!"

"Kaa kimya Hussein, hatuna shida na wewe," mwanamke mmoja akamjibu. "Mke wako atakuchapa mwenyewe."

Walimzunguka. Fimbo za kwanza zilimpata kwenye mashavu ya miguu, za pili mgongoni. Hazikuwa za kuvunja mfupa, zilikuwa za kuumiza na kuaibisha, na majani yake yalimwachia kijani kwenye shati jeupe. Miwani ikaanguka, Nashipai akaiokota, akaifuta kwa upindo wa shuka lake, akamvisha tena masikioni.

"Nataka uone vizuri," akamwambia.

"Mama, nimekosa nini?"

"Kaa chini. Kimaren, sogea hapa. Wewe ni mwanaume lakini leo nimekuita. Rutha, njoo usimame hapa ulipo mwanga."

Rutha akaja na tumbo lake. Nashipai akamshika mkono, akaunyoosha mbele ya daktari, kiwiko juu.

"Unaujua mkono huu?"

Daktari Cleopa akautazama, kisha akautazama uso, na kwa kuwa uso ule alishaufuta siku nyingi hakuujua.

"Ulikuwa na bangili yenye kifungo cha suruali. Umeuonyesha Mikumi ukutani, mkubwa kama mlango. Umeuonyesha Ulaya, wakapiga makofi. Sasa waambie hawa ulichokikuta ndani yake. Kwa Kiswahili kilekile ulichowapa madiwani."

Akasema. Mwanzoni alisema kwa sauti ya kukwama, halafu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoizoea, maneno yakanyooka. Maziwa mabichi. Ng'ombe wanaotupa mimba. Homa inayokuja na kuondoka, jasho, viungo kuuma. Mimba kutoka.

"Kwa hiyo tumbo lake ni bovu?" Nashipai akauliza.

"Hapana. Tumbo lake ni zima. Ni bakteria."

"Sema tena, umtazame huyu kijana."

"Tumbo lake ni zima," daktari akamwambia Kimaren. "Ugonjwa huu hauchagui mwanamke. Hata mwanaume anaupata. Kwake huja na homa, kiuno kuuma, na mara nyingine, samahani mama zangu, korodani moja huvimba ikawa kama embe."

Rutha akamtazama mume wake, na mume wake akatazama viatu vyake vya tairi. Ndipo Rutha alipoangua kicheko, kicheko ambacho mama yake hakukisikia tangu harusi, mpaka akashika tumbo.

"Embe!" akasema. "Mama, mbona hiyo ya mwaka jana alisema kapigwa teke na punda!"

Wanawake wakalipuka. Bibi Raheli alicheka hadi akakaa. Kimaren, aliyesema mbele ya wazee kwamba tumbo la mwenzake ni bovu, alivuta shuka lake, akafunika anachokifunika.

Nashipai peke yake hakucheka. "Ulijua tangu mwaka tisini na nne," akamwambia daktari. "Kwa nini hukusema?"

"Niliandika ripoti. Niliipeleka ofisini. Fedha za mradi ziliisha, gari likachukuliwa. Ofisi ndiyo iliyopaswa kuwaambia."

"Ofisi inabeba mimba?"

Daktari akavua miwani, akaifuta vumbi.

"Dawa ipo?"

"Ipo. Kwenye gari ninavyo vidonge, vya kwetu sisi tunaoshika hivi vichupa, kama ajali ikitokea. Lakini havimfai mwenye mimba. Vya kwake ni vingine, mjini Kilosa vinapatikana kwenye duka la dawa."

"Yaani vya kwako unatembea navyo," Nashipai akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatetemeka. Wanawake waliokuwa wakicheka wakamtazama. Akamgeukia dereva. "Hussein, chukua funguo zako. Nenda Kilosa. Daktari atakuandikia dawa ya Rutha, na dawa ya kila mmoja wetu hapa. Yeye anabaki. Sanduku linabaki."

"Mama, barafu itayeyuka," daktari akasema. "Nikikupa dawa, utanipa sanduku?"

"Dawa kwanza. La sanduku tutaliangalia baadaye."

Hussein akaenda. Daktari Cleopa alikaa mavumbini, na jua lilipomhamia, kila alipokimbilia kivuli mwanamke mmoja alisogea akasimama pale kilipo kivuli. Walimpa maziwa kwenye kibuyu, mabichi, yenye povu. Aliyashika mikononi akayatazama. Hakuna aliyemlazimisha kunywa. Walitaka tu ayashike.

Hussein aliporudi, daktari alieleza mwenyewe kila kidonge. Vile vyekundu vya Rutha vingefanya mkojo uwe kama soda ya machungwa, asishtuke, na asiache hata siku moja, hata akijiona mzima, kwa majuma sita. Rutha akameza vya kwanza mbele yao wote. Daktari akasimama, akajipangusa suruali, akapumua.

"Basi mama, tumemaliza. Naomba sanduku langu."

"Hilo lilikuwa la Rutha," Nashipai akasema. "Sasa tunakuja kwenye la kwangu."

Akafyatua vibanio, ta, ta, akafungua.

"Usifungue! Mama, nakuomba! Mkivunja vichupa hivyo mtajiambukiza, ni hatari!"

"Hatari tumeinyonya toka kwa mama zetu," Bibi Raheli akasema. Lakini Nashipai aliinua mkono.

"Anasema kweli. Hatuvunji. Leteni ile sufuria ya kupikia pombe ya sherehe."

Wakaileta, wakaipandisha kwenye mafiga, wakaitia maji. Kuni zilikuwa kavu, moto ukashika upesi. Daktari alipoelewa alijaribu kuruka, wanawake wanne wakamkalia, mmoja kila kiungo, na wa mguu wa kushoto alikuwa mnene. Nashipai alitoa vichupa kimojakimoja. Alivisoma kwa macho tu, maana maandishi yale hakuyajua, lakini rangi za vifuniko alizihesabu: maboma saba, na la nane lao. Akavizamisha ndani ya maji yanayochemka.

"Hiyo ni kazi ya mwaka mzima!" daktari akalia, na alilia kweli, machozi yalipita chini ya miwani. "Hamjui mnachofanya. Mnajidhulumu wenyewe! Sasa hamtajua ng'ombe yupi ana ugonjwa na yupi hana!"

"Mara ya kwanza ulijua, na sisi hatukujua," Nashipai akamwambia bila kugeuka. "Sasa hujui wewe wala sisi. Tumelingana, tunaweza kuanza."

Maziwa yaliganda kwenye vioo. Damu iligeuka rangi, ikawa kama ini lililosahauliwa kwenye jiko. Vifuniko vya plastiki vikajikunja. Nashipai aliacha maji yapande, akaepua, akayaacha yatulie, akayarudisha tena motoni, na yeye mwenyewe akasimama palepale. Halafu akawaambia wanawake wamwachie.

Daktari Cleopa alibaki amekaa akiangalia sufuria. Alikuwa mtu mwingine, mdogo, shati limejaa kijani.

"Nitawaambia nini wafadhili?" akauliza.

"Waambie ng'ombe wamekufa. Utaanza upya, boma la kwanza mpaka la nane, hakuna atakayekunyima damu. Lakini habari yako imeshatangulia, wanawake wa kila boma wanakungoja. Kabla hujatoa sindano utakaa chini, utasema uliyoyakuta mwaka tisini na nne, jina kwa jina, na utakuja na dawa. Ukija na sabuni tu, sufuria ipo kila nyumba."

Na ndivyo ilivyokuwa. Jumatatu ndege iliondoka bila sanduku. Daktari Cleopa alizunguka maboma yale hadi mvua za vuli, akikaa chini mavumbini, akitaja majina. Kuna boma alikotaja jina la mwanamke ambaye alikwisha kufa na mimba yake, na wanawake wa pale hawakumchapa. Walimwacha akae peke yake uwanjani toka asubuhi hadi ng'ombe waliporudi, na Hussein alisema afadhali wangemchapa.

Nashipai alifuatilia kila boma alilopita. Watu walimwambia sasa inatosha, mama, yule bwana amekonda, ameshika adabu. Yeye akasema, "Bado mawili." Kimaren alikuja na mbuzi na blanketi, akaomba mke wake, naye akamwambia mbuzi amfunge pale, mke ataongea mwenyewe akishajifungua. Rutha alimweka mlangoni miezi yote iliyobaki, akimwita "mwenye punda" mbele ya wageni.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na moja, msichana mwenye sauti ya kuamsha zizi. Nashipai alimshika, akamnusa utosini, akamhesabu vidole, akamkabidhi mama yake, akatoka nje na kusimama nyuma ya boma, pale alipokuwa amepanga marundo mawili madogo ya mawe kwa ajili ya zile mimba mbili zilizotoka, mpaka jua likawa kali.

Juma lililofuata Hussein akaja na gari, peke yake, na kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya maua. Ndani yake mlikuwa na blanketi la mtoto, laini, rangi ya maziwa, lenye kingo za hariri.

"Daktari amesikia mtoto amezaliwa," akasema. "Kafurahi sana. Kasema nikuambie kila siku anawakumbuka, na hili ni la mjukuu."

Nashipai akamkaribisha, akampa chai yenye maziwa yaliyochemka vizuri na mkate wa sinia. Akaulizia watoto wake, na mguu wa baba yake, na kama reli imetengenezwa. Kisha akalichukua lile blanketi, akalipapasa kingo, maana alipenda kitu kilichoshonwa vizuri. Akatoka nalo mpaka pale punda wake alipofungwa, akalikunja mara mbili, akalitandika mgongoni, mahali ambapo kamba za madumu zilikuwa zimemchubua. Likamkaa sawasawa.

Hussein alisimama na kikombe mkononi, hajui acheke au asicheke.

"Sasa, mama, mimi nikirudi nimwambie nini yule mtu?"

Nashipai akakaza kamba, akampiga punda kofi la upendo.

"Mwambie punda ameshukuru."